Maji ya Chumvi ya Dresa

Ukimwita Daktari alikurekebisha papo hapo, hata kama ulikuwa unatoka damu. Mimi si daktari, alisema, mimi ni dresa, mfunga vidonda. Daktari yuko mjini na ana gari. Sisi watu wa laini, zile nyumba za wafanyakazi, tuliendelea kumwita Daktari, naye akaendelea kutukosoa, kila siku, kwa miaka yote niliyofanya kazi katika lile shamba la chai upande wa Kericho. Ningependa kusema alikuwa mtu mpole, lakini ningedanganya.

Alikuwa mfupi, mwenye mikono mikubwa kuliko kimo chake na kucha alizozikata mpaka ukafikiri zinamuuma. Alikuwa Mkipsigis wa upande wa Sigor, na kazi yake alijifunza kwa wamishonari. Kiswahili chake kilichanganya b na p, nasi tuliotoka Kisii tulimwigiza akiwa mbali, kana kwamba chetu ndicho kilichonyooka. Neno lake kubwa lilikuwa "bado". Alilitamka "pado", polepole, baada ya kukitazama kidonda mpaka mwenye kidonda akaanza kujikuna mahali pasipowasha. Mimi nililisikia neno hilo kila wiki kwa karibu mwaka mzima.

Nieleze kwa nini. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru, msimu wa kupogoa chai. Mwenzangu wa mstari wa pili aliteleza kwenye tope, kisu chake cha kupogoa kikanipata nyuma ya mguu wa kushoto, juu kidogo ya kisigino. Hakikuuma. Nilisikia tu kitu kikikatika, nikageuka nimuulize kwa nini amenipiga teke, na hapo mguu ukakataa kunibeba. Kilichokatika ni ule mshipa mnene wa kisigino, unaoinua mguu mtu akitembea. Hospitali ya mjini waliushona kwa uzi mweusi, wakanifunga plasta vidole vikiwa vimeelekea chini, nikakaa nayo wiki sita. Walipoikata, mshipa ulikuwa umeshikana. Daktari wa hospitali alifurahi. Lakini ngozi iliyokuwa juu yake ilikuwa imekufa, na ilipobanduka iliacha shimo ambalo ungeweza kutia ncha ya kidole gumba. Mahali pale hapana nyama, na damu haifiki kwa wingi. Nilirudishwa shambani na magongo mawili na kadi iliyosema dresa anioshe kidonda mpaka kipone.

Sheria ya shamba tuliijua sote. Nyumba ya laini ni ya mtu anayefanya kazi. Mgonjwa alivumiliwa mwaka mmoja, na baada ya hapo aliondoka na godoro lake. Nilikuwa na mke na watoto wawili katika chumba kile, na kule kwetu Kisii kipande cha ardhi cha baba hakikutosha hata ndugu zangu waliobaki. Kwa hiyo kila Jumatatu, dresa alipoinama kukitazama kisigino changu, alikuwa anaitazama pia nyumba yangu, na alijua hivyo.

Alifika dispensari kabla ya kengele ya kwanza ya kazi. Mkasi na koleo lake alivichemsha katika sufuria ya bati juu ya stovu, akasimama akiyatazama mapovu kana kwamba yangetoroka. Pamba alikupimia kama mtu anayegawa sukari wakati wa njaa. Bendeji hazikutupwa. Zilifuliwa, zikaanikwa juu ya ua wa kayaba nyuma ya dispensari, na zilipokauka sisi wagonjwa tuliketi kwenye benchi tukizikunja, kila mtu za kwake. Ukikunja ovyo alikufungulia yote uanze upya. Mzee mmoja wa kiwandani aliyekuwa ameungua mkono alikunja bendeji yake mara nne asubuhi moja, akaondoka akisema kazi ya mashine ilikuwa rahisi kuliko kutibiwa. Dresa hakucheka. Mimi pia sikucheka, ila mimi wakati huo sikuwa nacheka jambo lolote.

Dispensari ilifungwa Jumapili, maana yeye alikuwa mzee wa kanisa na Jumapili yake haikuguswa. Hivyo mwenye kidonda ilibidi ajue kukiosha mwenyewe. Alinifundisha mbele ya mke wangu, kwa kuwa hakuniamini. Chemsha maji, acha yapoe, tia chumvi. Nikamuuliza chumvi kiasi gani. Akasema nionje, na ikifika kama machozi, niache. Nilimwambia sikumbuki machozi yana ladha gani. Haikuwa mzaha, ndivyo ilivyokuwa. Alinitazama kidogo, halafu akamtazama mke wangu.

"Basi uliza huyu," akasema. "Yeye anajua."

Tangu siku hiyo mke wangu ndiye aliyeonja. Alichovya kidole, akalamba, akaongeza punje chache, akalamba tena, akanipa bakuli. Kwa nini yeye aliijua ladha ile vizuri hivyo, sikuwahi kumuuliza, na leo naona aibu.

Kuhusu ganzi nilizungumza na dresa mapema. Tangu plasta itolewe, upande wa nje wa mguu wangu haukusikia kitu. Dresa alinichoma na pini kuanzia kidole kidogo hadi kwenye kifundo, akiniambia nitazame ukutani. Nilipomwambia sisikii, nikidhani ni habari njema kwa mtu aliyechoka na maumivu, uso wake ulibadilika.

"Kidonda inauma, hiyo iko hai," akasema. "Ile haiumi ndiyo mimi naogopa."

Akawa ananichoma kila Jumatatu. Mahali pa ganzi palipungua polepole, upana wa kidole kwa mwezi, naye akapapiga mstari kwa dawa ya zambarau ili aone palipofika. Watoto wa laini waliniita mtu wa ramani. Niliwaacha waite. Ganzi ile nyingine, ya ndani, haikupigiwa mstari na mtu, na sijui ilianza siku gani. Nilikula nilichopewa, nikakaa mlangoni, nikaangalia wenzangu wakiteremka na vikapu vya chai asubuhi na kupanda navyo jioni. Mke wangu alikuwa akichuma chai kwa ajili yetu sote. Nilijua napaswa kuona uchungu, kama unavyojua kwamba leo ni Alhamisi.

Dresa alikuwa mtu wa mambo yasiyolingana. Aliishi katikati ya chai miaka yote hiyo na hakuinywa. Alikunywa mursik yake, maziwa ya mgando, kutoka kwenye kibuyu alicholetewa na mkewe, na ukimkaribisha chai alisema hayo ni majani ya kampuni. Alikata nyama iliyokufa kwenye miguu ya watu bila mkono kutikisika, lakini kuku wake alichinjiwa na jirani. Yeye aliingia ndani mpaka mabawa yatulie. Katika kanisa aliwakemea vijana kwa kusema uongo. Lakini katika dispensari, mama aliyekuja amechoka, au yule ambaye uso wake ulieleza kilichotokea nyumbani usiku, aliandikiwa homa kwenye kadi na kupewa siku mbili za kulala. Hakumpima hata joto. Nyapara alikuja kulalamika kwamba homa ya shamba hili inashika wanawake peke yao. Dresa akamjibu kwamba naye ameliona hilo, na anaendelea kulichunguza.

Kwa hiyo nilidhani nami naweza kuandikiwa uongo wangu mdogo. Mwezi wa saba tangu niumie nilimwomba aandike kwamba nimepona. Nilimwambia naweza kusimama siku nzima kwenye mizani ya chai, na kidonda kitajimaliza chenyewe ndani ya gambuti. Alikataa. Nikamkumbusha zile homa. Akasema homa hupona yenyewe, hata ikiwa haikuwako, akaendelea kuviringisha bendeji. Niliondoka nikimchukia, na nilimchukia bila joto, kama mtu anavyochukia mvua.

Mama yangu alikufa mwezi uliofuata. Binamu yangu alileta habari siku ya Alhamisi, mazishi yakiwa Jumamosi. Mimi ndiye kifungua mimba, na kwetu kifungua mimba hasimuliwi maziko ya mama yake. Nilikwenda dispensari kuomba karatasi, kwa sababu askari wa geti hakumruhusu mtu wa kadi ya ugonjwa kutoka bila karatasi ya dresa. Nilimweleza. Alivua miwani, akanipa pole vizuri kabisa, akaniuliza mama alikuwa mtu wa miaka mingapi na wa kanisa gani. Halafu akaniuliza kutoka barabarani hadi nyumbani ni mwendo gani. Nilimwambia ni kupanda kilima, saa mbili kwa mtu mzima wa miguu, na wakati huo ni tope tupu.

"Unataka mguu ama unataka matanga?" akaniuliza.

Nilisema nataka kumzika mama yangu.

"Mama amekwisha kufa," akasema. "Mguu pado."

Nilirudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi nilikuwa na jambo la kufanya. Sisi wapogoaji, kisu kikitukata mkono, huchuma majani mawili ya chai yenye kichipukizi, tukayatafuna, tukayabandika pale na kuendelea na kazi. Hukausha, hilo halina ubishi, mikono yetu ni ushahidi. Alfajiri ya Ijumaa nilitafuna kiganja kizima cha majani mpaka ulimi ukakauka, nikajaza lile shimo la kisigino, nikafunga bendeji juu yake kwa nguvu, nikavaa gambuti ili askari asione. Gongo moja nililiacha, moja nikasema ni fimbo ya matanga. Mke wangu alisimama mlangoni. Aliniambia sitafika. Hakunizuia.

Askari aliziona gambuti, akadhani nimepona, akaniuliza hali, akafungua geti. Nilitembea. Nataka kusema niliumia, ila sikuumia, na hilo lingenitisha kama ningekuwa na akili siku ile. Nilihesabu mitaro ya kando ya barabara, nikaona unyayo unateleza ndani ya buti, nikadhani ni maji ya mvua. Nilifika Kiptere jua likiwa limekwisha panda, nikakaa kwenye kibaraza cha duka kungoja basi la kwenda Sondu, njia ya kwetu. Mwenye duka, mama mmoja wa makamo, ndiye aliyeniambia buti langu linamwaga. Nilipolivua, damu ilitoka pamoja na majani, kijani na nyekundu, ikatiririka kwenye saruji yake aliyokuwa amemaliza kupiga deki. Basi lilikuja. Kondakta alinitazama mguu, akagonga bati, likaondoka.

Dresa alinikuta palepale mchana. Nadhani mke wangu alikuwa amekwenda kwake, ingawa hakuna kati yao aliyeniambia. Alikuja na trekta la shamba, amesimama nyuma ya dereva akishika mfuko wake wa dawa kifuani. Nilingoja anitukane. Aliomba maji ya moto kwa mwenye duka, na chumvi, akaonja, akapiga magoti kwenye kibaraza mbele ya watu wa soko akaanza kutoa majani, moja moja, kwa koleo. Yalikuwa mengi. Alichukua muda mrefu, na watu waliokuwa wakitazama wakachoka wakaenda zao.

Tulipokuwa juu ya tela tukirudi, mguu wangu umewekwa juu ya gunia, ndipo aliposema. Alisema aliwahi kumwandikia mtu mmoja amepona. Mtu huyo alimwomba kama nilivyoomba, alikuwa na watoto kama mimi, na kidonda kilikuwa kidogo kuliko changu. Nilimuuliza yuko wapi sasa.

"Yuko kwao," akasema. "Na mguu moja."

Mama yangu alizikwa kesho yake saa sita, bila mimi. Saa hiyo nilikuwa nimelala, mguu ukiwa juu ya mito miwili kama alivyoagiza, nikitazama masizi ya paa. Mke wangu alilia. Alimlilia mama yangu kwa sauti, kama inavyotakiwa kwetu, akiwa peke yake katika chumba kile cha kampuni, na majirani wakaja wakaketi. Walinitazama mimi. Baadaye nilisikia wakisema Mkisii yule ana moyo wa jiwe. Nilitafuta machozi kwa kweli, nikayakosa, na nikaona haya kwa watu kuliko nilivyoona huzuni.

Dresa alinifungia kidonda mara mbili kwa siku baada ya hapo, Jumapili ikiwa ndani yake. Alipitia kwangu akitoka kanisani, na koti lake la kanisa, Biblia akaiweka juu ya kibao cha maji ili apate mahali pa bendeji. Kwa mtu niliyemwona akimfukuza mwenye jino bovu siku ya Jumapili, hilo lilikuwa jambo, lakini sikumshukuru. Siku moja kati ya hizo aliona kitu cheusi ndani ya shimo, akakishika kwa koleo, akakivuta taratibu. Ulikuwa uzi wa hospitali. Akautandika juu ya pamba, akauangalia. Wiki iliyofuata ukatoka wa pili, na wa tatu baadaye. Alisema nyuzi hizo ndizo zilizokuwa zikikifungua kidonda kila kikitaka kufunga, na mwili ulikuwa ukizisukuma nje kwa wakati wake. Nilimuuliza kwa nini hakuzitafuta mapema. Akasema angechimba angekata na mshipa. Kisha akasema labda pia hakuangalia vizuri. Sikuwahi kusikia daktari yeyote, mwenye gari au asiye na gari, akisema hivyo.

Wiki mbili kabla mwaka haujatimia, shimo lilifunga. Lilibaki kovu jembamba, la rangi ya maini. Dresa alinisimamisha katikati ya dispensari, akaniambia niondoe mguu wa kulia chini, nisimamie vidole vya kushoto. Nilishika meza yake. Akauondoa mkono wangu kwenye meza. Kisigino kikainuka, kikatetemeka, kikakaa hewani huku akihesabu mpaka kumi, kwa Kikipsigis, sijui kwa nini. Halafu akaketi akaandika kwenye kadi, akaigeuza niisome mwenyewe. Nyumba ikabaki yangu. Nilikwenda Kisii mwezi huo, nikapanda kilima, nikasimama kwenye kaburi ambalo nyasi zilikuwa zimekwisha lifunika. Nilisimama muda unaostahili, nikarudi.

Yeye alistaafu baadaye, akarudi kwao Sigor. Hatukumfanyia sherehe, mwenyewe hakutaka. Dresa aliyefuata alikuwa kijana mwenye tabasamu, tuliyemwita Daktari na akaitikia.

Dresa wetu wa zamani nilimwona tena mara moja tu. Nilikuwa nyapara wa wapogoaji wakati huo, na nilitumwa Mulot na lori la shamba kuchukua mahindi ya posho. Ilikuwa siku ya mnada wa mifugo. Alisimama kwenye uzio ameshika kamba ya mtamba mwekundu, amekonda, koti lake la kanisa limekuwa la kazi. Nilimwamkia. Jina langu lilikuwa limempotea, na sura yangu pia, nadhani. Nilimwambia mimi ni yule wa majani. Akatazama chini.

"Toa kiatu," akasema.

Nilivua, pale kwenye mavi ya ng'ombe. Alinipa kamba ya mtamba nimshikie, akainama, akapitisha kidole gumba juu ya kovu. Akaniambia nisimamie vidole. Nikasimamia. Alihesabu mpaka kumi na hakuonyesha kuridhika wala kutoridhika.

Ni wakati huo, kwa kuwa nilikuwa nimetazama chini, ndipo nilipouona mguu wake. Alivaa makubazi ya mpira wa gari. Msumari wa kubazi la kulia ulikuwa umepenya na kuingia kwenye unyayo, karibu na kidole kikubwa. Kulikuwa na usaha, na kidole kilikuwa na rangi niliyoijua. Nzi walikuwa pale. Alikuwa amesimama juu ya msumari ule na uzito wake wote, akinihesabia.

Nilimuuliza kama anauona. Alitazama, akashangaa kidogo, akasema lazima ni wa jana, au juzi. Alisema siku hizi anakunywa maji mengi na anakojoa sana, na kwamba macho hayamsaidii.

"Inauma?" nikauliza.

Aliyekuwa amenifundisha jibu la swali hilo ni yeye, na tulikuwa wawili tu tuliolijua pale kwenye uzio.

"Haiumi," akasema.

Nilimwambia lori letu linarudi Kericho saa nane na linapita karibu na hospitali, nitampandisha mbele, na turnboi, msaidizi wa dereva, atamrudishia mtamba kwao. Akasema hajaja Mulot kutembea, ana ng'ombe wa kuuza.

"Unataka mguu ama unataka ng'ombe?" nikamuuliza.

Hapo alicheka. Miaka yote ile sikuwa nimemwona akicheka. Alikuwa na pengo upande mmoja. Kisha kicheko kikaisha, akaketi kwenye gogo la uzio kwa uzito, akaanza kufungua ukanda wa kubazi, na vidole vyake vikubwa vikashindwa kuupata. Nikaufungua mimi.

Nilimfunga mtamba kwenye uzio, nikavuka barabara hadi hoteli ya karibu, nikaomba maji yaliyochemka ndani ya bakuli safi, na chumvi. Mama wa hoteli alinipa, akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia hapana. Halafu nikamwambia ndiyo, mama yangu, zamani kidogo. Akasema pole. Uso wangu ulikuwa umelowa mpaka kidevuni na sikuwa na mkono wa kuupangusa, kwa maana wa kushoto ulishika bakuli na wa kulia ulikuwa ukitia chumvi, kidogo kidogo. Nilichovya kidole nikaonja. Niliongeza punje chache, nikaonja tena. Yalikuwa sawa, na safari hii sikuhitaji kumuuliza mke wangu.